Kumfuatia Babu Aliyelima Malindi: Anza na Shamba, Jina Litafuata

Jina peke yake halikufikishi mbali. Malindi ya karne ya 19 ilijaa akina Salim bin Ali, Juma bin Hamisi na Mwanaisha binti Omari, na kila mmoja wao huenda alikuwa na shamba lake, au alilima shamba la mwingine. Anayeanza na jina huishia kuokota watu watano wasiohusiana na kuwafanya babu mmoja. Shamba halina pacha. Lina majirani wanne, lina kisima au mbuyu, na lina jina ambalo wajukuu hulikumbuka hata wakiwa wamelisahau jina la babu mwenyewe. Ukilipata shamba, waliolimiliki na waliolilima watajitokeza mmoja mmoja.

Maelezo haya ni ya Malindi na viunga vyake: Mambrui, Ganda, Msabaha, Gede, Magarini na kando ya mto Sabaki. Mtu wa Lamu mwenye wazee waliolima bara, upande wa Hindi na Mkunumbi, atayatumia kwa sehemu kubwa bila kubadilisha.

Kabla ya kutoka nyumbani, elewa mji wenyewe ulivyoanza upya. Malindi ya kale ilikuwa imehamwa kwa muda mrefu. Ilifufuliwa mnamo 1861 chini ya Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyeweka askari wa kulinda walowezi, na baada ya hapo mashamba yakaenea haraka: mtama, ufuta, mahindi, kunde, na minazi. Mtama ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Ufuta ulipitia mikononi mwa wafanyabiashara hadi Ufaransa. Kwako wewe maana yake ni hii: karibu kila ukoo wa wakulima wa Malindi wakati ule ulikuwa mgeni wa juzi. Wako waliotoka Omani na Hadhramaut. Wako waliotoka Lamu, Shela, Pate na visiwa vya Wabajuni. Wako Wagiriama waliosogea kutoka makayani, vijiji vyao vya kale vya msituni, mpaka wakauvuka Sabaki. Na wengi kabisa wa walioshika jembe waliletwa kwa nguvu kama watumwa, kutoka nchi za Wanyasa, Wayao, Wagindo na kwingineko. Kila njia kati ya hizi nne imeacha alama zake mahali tofauti, na kujua babu yako alipita ipi kutakuokolea miezi.

Wazee kwanza, na haraka

Piga hesabu ya vizazi. Ukichukua miaka 30 hivi kwa kizazi, mtu aliyezaliwa 1990 ni kilembwe cha mkulima aliyezaliwa 1870. Lakini mzee aliyezaliwa 1940 ni mjukuu wake tu. Mzee huyo huenda hakumwona babu, ila amelelewa na watu waliokula naye sahani moja. Nyaraka zitakungoja; yeye hapana.

Usianze kwa kuuliza "babu alikuwa nani?" Utapewa nasaba ya kifahari iliyokwisha kupigwa msasa. Uliza alilima wapi. Shamba likiitwaje? Upande wa kibla (kaskazini) alikuwako nani, na suheli (kusini) nani? Lilikuwa la minazi au konde la mtama? Maji yakitekwa kisima gani? Mavuno yakipelekwa kwa tajiri yupi? Nani amezikwa pale? Nani aliuza, na nini kilimfanya auze? Mtu huyumba akiulizwa ukoo, lakini kisima hukikumbuka vizuri sana.

Maneno ya udugu ndiyo yanayoharibu kazi zaidi. "Babu" anaweza kuwa mzaa baba, au ndugu yake, au babu wa babu. "Ndugu" anaweza kuwa binamu. "Mwanawe" anaweza kuwa mtoto wa kulea. Kwa hiyo rudia kila jina kwa swali la pili: baba mmoja mama mmoja, au baba mmoja tu? Alimzaa au alimlea? Waulize bibi na mashangazi wakiwa peke yao, maana wao ndio wanaojua wake waliotangulia, watoto waliofariki wadogo, na nani alikuwa mwana wa suria.

Rekodi sauti kwa simu, kwa ruhusa, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayesema. Usimkatize kumsahihisha. Maelezo mawili yanayogongana yaandike yote mawili, kila moja na mwenyewe.

Jambo moja la hekima ya pale pale: ardhi ya Malindi ina migogoro hadi leo. Ukitokea shambani kwa watu na karatasi mkononi, ukiuliza mipaka, wataona umekuja kudai. Tangulia kwa salamu na mwenyeji anayejulikana, sema wazi kuwa unatafuta ukoo na si kiwanja, na usipime chochote siku ya kwanza.

Kugeuza kumbukumbu kuwa miaka

Wazee hawasemi 1898. Wanasema "alizaliwa njaa ya Magunia", na hiyo ni tarehe nzuri kuliko unavyodhani. Andaa karatasi ya matukio na uwe nayo kila mahojiano: Malindi kufufuliwa mnamo 1861; Sultani Barghash kutawala kuanzia 1870 hadi 1888; mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, 1873; njaa ambayo Wagiriama huiita Mwakisenge, mnamo 1884; vita vya Witu, 1890; vita vya Mbaruku bin Rashid, 1895 na 1896; njaa ya Magunia, 1898 hadi 1900; sheria iliyoondoa utumwa pwani, 1907; vita vya Wagiriama, 1914. Mtu akisema babu "alikuwa kijana wa kubeba jembe" wakati wa Mbaruku, weka kuzaliwa kwake kati ya 1875 na 1883, na uandike kuwa ni makadirio.

Misimu nayo husaidia. "Alikuja na kaskazi" ni kati ya Desemba na Machi, wakati majahazi ya Arabuni yanapoteremka.

Hati zina tarehe za Kiislamu. Hesabu ya haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakupa 1883; kwa hakika ulianza Novemba 1882, kwa hiyo hesabu hii hukufikisha jirani tu. Kwa tarehe kamili tumia programu ya kugeuza kalenda, ukijua inaweza kukosea siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Miezi ya Kiswahili huhesabiwa kutoka Idi ya kufungua: Mfungo Mosi ni Shawali, Mfungo Tatu ni Dhulhija, Mfungo Nne ni Muharramu, Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Siku nayo huanza magharibi, si usiku wa manane, kwa hiyo aliyekufa "usiku wa Ijumaa" alikufa Alhamisi jioni. Watu wengi wamebishana bure juu ya tarehe mbili ambazo ni moja.

Kusoma hati ya shamba

Hapa ndipo penye mali. Kuanzia miaka ya 1890 hati za ardhi za pwani ziliandikwa katika madaftari ya serikali, na kabla ya hapo zilikaa majumbani: kashani, ndani ya msahafu, kwa kadhi. Anza kwa kuuliza nyumbani. Angalia pia karatasi tupu za mwanzo na mwisho wa misahafu ya zamani, ambako watu waliandika tarehe za kuzaliwa na kufa.

Ukipewa hati, ipige picha mbele na nyuma. Mgongoni ndiko kunakokuwa na namba ya usajili na sahihi za waliokuja baadaye. Usiibandike utepe wa plastiki, usiifunike kwa plastiki ya moto, na usiikunjue kwa nguvu ikiwa imekauka. Iweke bapa katika bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu na mchwa.

Hati nyingi ziko kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata usipojua lugha, maneno machache yatakuonyesha umeshika nini. *Akarra* ni amekiri, na hati nyingi huanza hapo. *Baa* ni ameuza. *Wakafa* ni ameweka wakfu, yaani ametoa mali isiuzwe tena, faida yake iende kwa aliowataja. *Yahudduhu* ni limepakana, na baada ya neno hilo ndipo majirani hutajwa. Pande zenyewe ni kibla kwa kaskazini, suheli kwa kusini, matlai kwa mashariki, na magharibi au bahari.

Nakili majirani wote wanne kila mara. Hii ndiyo siri kubwa ya kazi nzima. Babu yako huenda hakuwahi kuandikisha hati yoyote, lakini jina lake limo katika hati ya jirani aliyeuza. Chora mraba kwenye karatasi, weka shamba katikati na majina pembeni, kisha fanya hivyo hivyo kwa kila hati utakayoipata ya mtaa ule. Miraba itaanza kuungana. Shamba ambalo limetajwa na majirani watatu, wala halina hati yake, ndilo mara nyingi unalolitafuta.

Makosa ya kusoma ni yale yale kila siku. Katika tarakimu za Kiarabu, tano ni duara na hufanana na sifuri yetu, sita hufanana na saba yetu, na mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja; ukisoma 1310 mahali pa 1315 umepoteza miaka mitano. Herufi nazo: mwandishi asiye na alama ya *p* aliandika *b*, *ch* ikawa *sh*, *g* ikawa *gh* au *k*, *v* ikawa *f*. Nukta zikifutika, *b*, *t*, *n* na *y* katikati ya neno hazitofautiani. Baadaye karani wa Kiingereza akaja kulisikia jina kwa sikio lake, na Feruzi akawa Firuz, Ferouz au Feroz. Tengeneza orodha ya sura zote za jina kabla ya kuingia ofisini, na uzitafute zote.

Mambo matatu ya kisheria huwapoteza wasomaji. La kwanza ni bei ya khiyari. Hati inasema shamba limeuzwa, lakini muuzaji ana muda wa kulirudisha kwa kulipa fedha ile ile, na mara nyingi aliendelea kukaa pale pale akilipa kodi. Kwa kweli ni mkopo juu ya shamba. Ukiona neno khiyari, usimwondoe babu shambani. Tafuta hati ya pili inayoonyesha kama alikomboa au alishindwa. La pili ni wakili. Shamba la mwanamke mara nyingi lilishughulikiwa na mume, kaka au mwana kama wakili wake, na msomaji wa haraka humwandika wakili kuwa mwenyewe. Wanawake walimiliki mashamba kwa majina yao, kwa hiyo tafuta *binti* kwa bidii ile ile unayotafuta *bin*. La tatu ni miti. Pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Hati ya kuuza minazi 40 haimaanishi kwamba ardhi iliuzwa, wala aliyerithi miembe si lazima awe mrithi wa udongo.

Vipimo vya mazao navyo utavikuta. Vibaba 4 ni pishi 1, karibu kilo 2.7 za nafaka. Pishi 60 ni jizla 1, karibu kilo 160. Frasila ni kama kilo 16. Mkulima aliyekopa kwa ahadi ya jizla 100 za mtama hakuwa mtu wa kijikonde. Alikuwa na watu wengi chini yake, na hilo linakuambia utafute majina yao pia.

Mirathi husomwa kinyumenyume

Hesabu ya mirathi ni nasaba iliyoandikwa kwa tarakimu. Hata majina yakiwa yamefutika, mafungu yatakuambia familia ilikuwaje.

Tuseme umekuta mali imegawanywa mafungu 8: mmoja kachukua 1, wawili wamechukua 2 kila mmoja, na watatu wamechukua 1 kila mmoja. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, ndilo fungu 1. Saba yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: wana wawili 4, mabinti watatu 3. Umeshapata mke, wana wawili na mabinti watatu bila kusoma jina hata moja.

Ikiwa fungu la thumni limekatwa mara mbili, yaani 1 ya 16 kila upande, alikuwa na wake wawili. Wake hugawana thumni ile ile. Ukikuta jumla ya 24 na mtu kachukua 4, ambayo ni sudusi, yaani moja ya sita, shika hapo: huyo kwa kawaida ni mama au baba wa marehemu aliyekuwa bado hai. Umepanda kizazi kimoja kwa mstari mmoja. Jumla zikiwa kubwa za ajabu, kama 576, mara nyingi maana yake ni kwamba mrithi mmoja alikufa kabla mali haijagawanywa na warithi wake wakaingia ndani ya hesabu ile ile. Usiwachanganye; wajukuu watakuwa wameandikwa sambamba na watoto.

Mwana wa suria aliyekubaliwa na baba hurithi sawa na mwana wa mke wa ndoa. Kwa hiyo mafungu hayatakuonyesha mama yupi alikuwa mtumwa. Hilo utalipata kwa mashangazi.

Wakfu nao una faida kubwa. Hati ya wakfu wa kizazi hutaja nani afaidike, kisha nani baada yake, na Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa ndiyo inayohusika na mali hizo. Ndoa na talaka za Waislamu zilianza kuandikishwa kwa sheria ya 1906. Ndoa hiyo huenda isiwe ya mkulima aliyekuwa akilima 1870, lakini yaweza kuwa ya mwanawe, na jina la baba wa bibi harusi limo.

Kama babu alikuwa mtumwa

Wengi hufika hapa wakafunga kitabu. Tunaomba usikifunge. Mikono ya watu hawa ndiyo iliyofyeka Ganda na Magarini, na wana haki ya kutajwa kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Tena wameacha alama nyingi kuliko inavyosemwa, ila zimo chini ya majina ya mabwana.

Ndiyo maana shamba lina thamani zaidi hapa. Jina lako la ukoo laweza kuwa la bwana: waliopewa uhuru mara nyingi walichukua nisba ya nyumba waliyotoka. Tafuta hati zote za mwenye shamba, hasa wasia, kwa sababu mabwana wengi waliwaacha watu huru wakati wa kufa na wakawataja kwa jina. Katika hati mtu huitwa khadimu wa fulani akiwa mtumwa, na huru wa fulani, au atiki, baada ya kuachwa huru. Majina kama Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Baraka, Songoro na Zafarani yapaswa kukufanya usome mstari mara ya pili. "Bin Abdallah" baada ya jina la namna hiyo mara nyingi si baba wa kumzaa; ni namna ya kumwandika Mwislamu ambaye baba yake hakujulikana kwa mwandishi. Usimjengee Abdallah tawi la mti.

Tazama mirathi ya huru mwenyewe. Akifa bila jamaa wa kiume wa kumrithi, bwana aliyemwacha huru, au wana wa bwana huyo, huingia kama warithi kwa haki ya walaa. Ukiona Mwarabu mwenye nisba kubwa amerithi minazi michache ya mtu mwenye jina kama Mabruki, usiseme walikuwa ndugu wa damu. Umeona kamba iliyowaunganisha, nayo inakurudisha kwenye shamba la bwana.

Neno mzalia ni la aliyezaliwa pwani. Mateka kwa kawaida ni waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. "Mnyasa" katika daftari haimaanishi kabila moja. Lilikuwa neno la mkumbo kwa watu kutoka upande mzima wa ziwa Nyasa. Liandike kama lilivyo na usiligeuze kuwa kijiji.

Waliotoroka mashamba ya Malindi na Mambrui waliitwa watoro, nao walikuwa na makazi yao, maarufu likiwa Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni. Tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Imperial British East Africa ilipowalipa mabwana fidia, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine walipewa hati za uhuru. Kama ukoo wenu una tawi la Rabai, Jilore au Frere Town, tafuta vitabu vya ubatizo, ukikumbuka kwamba jina lilibadilika siku ile ya ubatizo. Jina la zamani, likiwapo, limeandikwa pembeni. Barua za wamisionari wa Church Missionary Society zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Baada ya sheria ya 1907 mabwana walidai fidia kwa serikali, na jalada lolote la madai hayo lisome kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa Wagiriama

Hapa hati ni chache kabla ya 1900, lakini majina yenyewe yana mpangilio. Jina la babu humrudia mjukuu, kwa hiyo Kazungu wa Kalume wa Kazungu si kosa la karani. Namba kila mmoja: Kazungu wa 1, wa 2, wa 3, na weka kando ya kila namba mbari, mke, na mahali alipolima. Bila namba utawachanganya ndani ya saa moja. Uliza mbari kwanza, kaya waliyotoka, kisha vituo vya safari ya kuelekea Sabaki kimoja kimoja. Orodha za kodi ya nyumba za mwanzo wa karne ya 20 zinaweza kukupa wakuu wa miji, yaani maboma ya familia. Vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, husimamishwa kwa ajili ya waliokuwa katika chama cha Gohu. Kigango kinakuambia cheo cha marehemu. Usikiguse wala kukisogeza. Vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, na wenyewe wana haki ya kumshuku mgeni.

Ofisini

Mombasa ndiko kwenye usajili wa hati za zamani za pwani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba wa ukanda wa pwani walete madai yao, na madai hayo yalipotetewa, wazee walieleza nani alifyeka na nani alirithi. Nenda na namba ya kiwanja, si jina tu. Hati ya kisasa yenye namba inayoanza na CR inatoka katika usajili wa pwani, na kutoka hapo unarudi nyuma, mmiliki baada ya mmiliki. Waliokosa kudai, wakiwemo watumwa wa zamani wengi waliolima bila karatasi, hawamo, na ardhi waliyolima huenda iliandikwa kuwa ya serikali. Kutokuwamo kwao si ushahidi kwamba hawakuwapo.

Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue, omba majalada ya PC/COAST, DC/MAL na, kwa wa Lamu, DC/LAM. Chukua kitambulisho na penseli. Yaangalie hasa majalada ya ugomvi wa ardhi, kwa sababu wagomvi hutaja babu zao.

Zanzibar, nyaraka za Kilimani zina mambo ya wakati wa masultani na ubalozi wa Kiingereza. London, katika National Archives, mafungu ya FO 84, FO 107 na FO 2 yana barua za karne ya 19, na CO 533 yanaanzia 1905. Humo utapata matajiri wa Malindi; mkulima mdogo ni nadra, kwa hiyo usigharimie safari kabla hujamaliza Mombasa. Gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1899, limo intaneti na lina matangazo ya mali za marehemu. Litafute kwa sura zote za jina ulizoziorodhesha.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha mstari wa baba au wa mama ulitoka upande gani wa dunia. Hakitakupa jina wala shamba, kwa hiyo fedha zake zitumie mwisho.

Kurudi shambani

Ukishapata mraba wenye majirani wanne, rudi ukautazame mwenyewe, kwa ruhusa ya anayelima sasa. Tafuta kisima, miembe mikubwa iliyopangwa mstari, na makaburi. Ya wakulima mara nyingi yana mawe ya matumbawe pembeni tu, bila maandishi. Makaburi ya nguzo yaliyoko mjini ni ya karne nyingi kabla na hayahusiani na babu huyu. Jiwe lenye maandishi usilisugue kwa brashi ya waya wala kulimwagia tindikali. Lipige picha asubuhi mapema, jua likiwa upande, au tumia tochi iliyolazwa karibu na jiwe ili herufi zitupe kivuli. Andika kaburi liko umbali gani kutoka kisimani na upande upi.

Halafu rudi kwa mzee wa kwanza kabisa uliyemhoji. Usimwonyeshe mti wa ukoo ulioupanga. Mtajie majirani wanne, mmoja mmoja, kibla, suheli, matlai na magharibi, unyamaze, na uwe umeshawasha simu kurekodi.